Alikuwa wa kwanza Bunia, huku P5 amekuwa wa 94: akili imeenda wapi?

"Mwalimu shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, tulitoka Bunia, Congo, tukavuka ziwa, sasa tuko kambi ya wakimbizi ya Kyangwali huku Uganda. Mutoto wangu wa pili, msichana wa miaka 12, kule Congo alikuwa anashika nafasi ya kwanza ao ya pili kila mwaka. Hapa alianzia P4, yaani darasa la nne, mwaka jana, sasa yuko P5. Ripoti imekuja, wa 94 kwa watoto 118. English 9, SST (maarifa ya jamii) 8, Science 8, Maths 6, jumla wameandika 31. Kinachonichanganya ni kwamba Kiingereza anaongea! Anacheza na wenzake, hata hospitali yeye ndiye ananitafsiria. Tisha (mwalimu) wake ameniambia mambo mawili, nimrudishe P3, na niache kumsemesha Kiswahili nyumbani maana ndicho kinamharibu. Jirani anasema nilipe kochingi, masomo ya ziada. Mimi Kiingereza sijui. Mwalimu, hawa watoto wetu wakimbizi akili yao iliharibikia njiani ama? Nifanye nini?"

Marahaba mama. Naanza na swali lako la mwisho maana naona ndilo linakunyima usingizi, na jibu lake ni hapana. Akili ya mtoto haidondoki ziwani. Msichana aliyekuwa anaongoza darasa Bunia ndiye huyo huyo aliye P5 Kyangwali, kichwa ni kile kile, kilichobadilika ni lugha anayoulizwa maswali, namna ya kuandika kazi, na hata namna ya kuhesabu maksi. Hayo matatu yakigeuka kwa mpigo hata mimi na wewe tungekuwa wa 94.

Tuanze na hiyo ripoti maana wazazi wengi waliotoka Congo wanaisoma kinyume bila kujua. Kule mmezoea pursenti, kubwa ndiyo nzuri. Uganda ni kinyume: 1 ndiyo ya juu kabisa, 9 ni kufeli, wanajumlisha masomo manne, kwa hiyo mtoto bora kabisa ana 4 na wa mwisho kabisa ana 36, na kwenye PLE, mtihani wa kumaliza P7, divishen ya kwanza ni 4 mpaka 12. Sasa angalia ya mtoto wako tena. English 9, SST 8, Science 8, halafu Maths 6. Somo lake bora ni lipi? Ni lile lenye maneno machache kuliko yote. Ingekuwa ni kichwa kizito tu mama, pengine angefeli yote sawasawa. Hii ripoti inakwambia kitu, ila nafasi ya 94 imekuziba macho.

Nenda shule uombe pepa yake ya Maths ya mwisho wa temu, ile iliyosahihishwa. Hapa Uganda pepa ya Maths ya PLE ina sehemu A ya maswali 20 mafupi na sehemu B ya maswali 12 marefu, na shule nyingi zinatunga mitihani yao kwa mtindo huo. Angalia wapi kuna vema, wapi kuna mkasi (alama ya kosa), na wapi pako peupe hajaandika kitu. Mkasi na peupe si kitu kimoja. Naweza kubeti na wewe soda kwamba sehemu A amejitahidi na sehemu B kuna peupe nyingi, maana kule kuna hadithi: mkulima fulani aliuza hiki akanunua kile akabaki na ngapi. Hesabu yenyewe anaiweza, mlango wa kuingilia ndio haufunguki.

Halafu ukifika nyumbani mfanyie mtihani wako wewe mwenyewe, kwa Kiswahili, mkiwa mnachambua maharage. Mwambie: nimekupa shilingi 10,000 uende dukani, mchele kilo ni 4,000, nunua kilo moja na nusu, utanirudishia chenji ngapi? Akijibu 4,000 bila kuhangaika, ujue amezidisha, amejua nusu, na ametoa, yote kichwani. Swali hilo hilo liko sehemu B ya pepa yake limevaa nguo za Kiingereza. Akishindwa hata kwa Kiswahili, hapo ni kitu kingine, kuna shimo chini kwenye msingi, pengine kwa ile miaka ya kukimbia kimbia, na nitalirudia.

Sasa lile linalokuchanganya, kwamba Kiingereza anaongea. Ndiyo anaongea, lakini lugha moja ina vyumba viwili. Kuna Kiingereza cha uwanjani na kuna Kiingereza cha daftari. Cha uwanjani kinasaidiwa na mikono, uso, mpira wenyewe, mtu akikwambia pasi na mpira unakuja huhitaji kamusi. Hata cha hospitali pale ni tumbo, homa, siku ngapi, na dokta anaonyesha kwa kidole. Cha daftari hakisaidiwi na chochote, ni karatasi na wewe. Kuna mtaalamu wa Canada anaitwa Jim Cummins ameshughulika na jambo hili miaka mingi, watoto wa wahamiaji kule, akaona cha uwanjani mtoto anakishika kwa mwaka mmoja au miwili, lakini kufikia wenzake kwenye lugha ya masomo inachukua miaka mitano mpaka saba. Wako ana mwaka mmoja na kitu. Hajachelewa, ndio kwanza anaanza, isipokuwa mtihani haumsubiri.

Nikupe mfano nilioushika mkononi. Niliwahi kuwauliza watoto swali la kawaida kabisa: find the difference between 84 and 39. Msichana mmoja kutoka Rutshuru akaandika, kwa mwandiko mzuri sana, kwamba 84 ni kubwa na 39 ni ndogo. Nikacheka, halafu nikaona aibu kwa kucheka, maana alichojibu ni sahihi, difference kwake ni tofauti, na tofauti yao ni kwamba moja kubwa moja ndogo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwenye Maths neno hilo maana yake ni toa. Yako mengi ya namna hiyo, product, mean, odd, table, maneno ambayo uwanjani yana maana moja na kwenye pepa yana nyingine kabisa. Mtoto wa hapa naye yanamsumbua, ila yeye aliyapata kidogo kidogo tangu P1. Na hapo ujue kwa mtaala ulioanza 2007, P1 mpaka P3 watoto wanafundishwa kwa lugha ya eneo huku Kiingereza kikiwa somo, P4 ni mwaka wa kuvuka, P5 mpaka P7 kila kitu Kiingereza. (Sehemu zenye makabila mchanganyiko shule zinatumia Kiingereza tangu chini.) Wako ametua katikati ya daraja bila kupita ngazi.

Na kuna kosa nililifanya mimi, nalisema ili walimu wanaosoma hapa wasilirudie. Mwaka ule nafundisha P4, nina mtoto katoka Bukavu, nikatoa 156 gawanya kwa 12. Sisi hapa tunaweka 12 nje kushoto, 156 ndani, jibu linapanda juu. Yeye kaweka 156 kushoto, kachora mstari wa kusimama, 12 kulia, na chini ya 12 kaandika 13. Jibu sahihi, njia sahihi, ndivyo wanavyofundishwa kule kwa mfumo wa Kibelgiji. Mimi nikapiga mkasi, nikaandika kwa kalamu nyekundu arudie. Karudia vile vile, nikapiga tena. Mara ya tatu hakuandika kitu. Nilikuja kuelewa miezi baadaye nilipoona daftari la kaka yake la Congo. Na desimali nako, wao wanaweka mkato mahali sisi tunaweka nukta, mtoto anaandika 2,5 mwalimu anadhani ni namba mbili. Mama, mwambie binti yako akuonyeshe anagawanya vipi, na ukiona anaandika kwa mtindo wa Congo basi kamwambie tisha kwa upole. Pengine hajui tu, kama mimi.

Nije kwa yale mawili aliyokuambia huyo tisha. Simlaumu, mtu mwenye watoto 118 anatafuta njia ya mkato, lakini la Kiswahili amekosea. Wewe Kiingereza hujui. Ukiacha Kiswahili mtaongea nini, gudimoningi na kamu iti? Nyumba itakuwa kimya, na mtoto anayekaa nyumba ya kimya hapati lugha yoyote. Kitu ambacho mtoto amekielewa kwa lugha moja hahitaji kukielewa upya kwa lugha nyingine, anatafuta jina lake tu. Akishajua kwa Kiswahili kwamba maji yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke ukipoa unarudi maji, siku tisha anafundisha hilo kwa Kiingereza yeye ana kazi moja, kushika maneno, mwenzake asiyejua ana kazi mbili. Kusoma nako ni hivyo hivyo, mtu hujifunza kusoma mara moja tu maishani. Na tena Kiswahili si lugha ya kuonea haya, kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba ilipofanyiwa mabadiliko 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima praimari na sekondari. Kwa hiyo ukisikia mtoto amevalishwa kibao au gunia shingoni kwa sababu ameongea Kiswahili shuleni, nenda kaulize. Anachojifunza kwenye hicho kibao ni kunyamaza, na anayenyamaza Kiingereza hakimjii. Viboko ndio usiseme, sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016 imevikataza shuleni.

La kumrudisha P3 hapa lazima nikae kidogo maana si jambo la kukataa tu kwa hasira. Faida yake ni moja, angepata muda. Hasara ni nyingi. Ana miaka 12, atakaa na watoto wa miaka minane, na msichana mkubwa darasani kwa watoto wadogo mara nyingi haendi mbali, haya inamtoa shule kabla ya P7. Halafu ukaulize kwanza hiyo P3 inafundishwa kwa lugha gani, maana kama ni Runyoro basi umemtoa kwenye Kiingereza ukampeleka kwenye lugha ya nne! Mimi ningekuwa wewe ningekataa P3, ila ningekubali kama wakisema arudie P5 mara moja, kwa sharti kwamba kuna kitu kitafanyika tofauti mwaka huo. Kurudia darasa huku kila kitu kikiwa vile vile ni kupoteza mwaka.

Kuna njia nyingine ambayo wazazi wengi hawaiulizi. Kambi nyingi zina masomo ya haraka kwa watoto waliopitwa na umri, wanabana P1 mpaka P7 kwenye ngazi tatu, ni kwa waliokaa nje ya shule muda mrefu, umri wa miaka 10 mpaka 18. Kama kweli ule mtihani wa mchele umemshinda kwa Kiswahili na amepoteza miaka miwili mitatu, hiyo inamfaa kuliko P3. Kama ameuweza, haimfai, abaki P5. Pia kuna mashirika yanaendesha madarasa ya daraja, yaani miezi ya kumpa mtoto wa Congo Kiingereza cha shule kabla ya kumtumbukiza. Uliza ofisi ya elimu ya kambi yenu ni nani anafanya hivyo sasa, maana wafadhili huja na kuondoka.

Kochingi, jirani yako ana nusu ya ukweli. Kochingi nyingi ni pepa za zamani, watoto 40 kwenye banda wanakariri majibu. Kwa mtoto aliye P7 anayejua lugha inasaidia. Kwa wako ni kumwaga maji kwenye gunia. Kama hela ipo, tafuta kijana wa Congo aliyemaliza S4 (kidato cha nne) hapo hapo kambini anayejua Kiswahili na Kiingereza, mlipe siku mbili kwa wiki akae na binti yako na pepa zake mwenyewe zilizosahihishwa, swali kwa swali, hili linauliza nini, lirudie kwa Kiswahili, sasa lijibu kwa Kiingereza. Saa moja ya hivyo mimi naiona bora kuliko wiki nzima ya banda. Na hela kama haipo usikope kwa ajili hiyo.

Wewe mwenyewe una kazi kubwa kuliko unavyodhani na haitaki Kiingereza. Kila jioni mwambie akufundishe wewe kwa Kiswahili kitu kimoja alichofundishwa leo. Usikubali "tulisoma Science", muulize Science gani, kitu kinafanyaje, kwa nini. Akikwama hapo ndipo asipoelewa, kesho amuulize tisha au mwenzake. Mnunulie daftari dogo la maneno, ukurasa una safu tatu: neno la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili, na picha ya kuchora au mfano. Maneno matano kwa siku, yale ya kwenye pepa siyo ya mtaani. State, suggest, compare, difference. Wewe unamshikia daftari unafunika safu moja unamuuliza, unaweza hata kama husomi vizuri, picha inakusaidia. Simu kama ipo yenye intaneti, African Storybook wana vitabu vya hadithi vya bure kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingi za Uganda, hadithi ile ile anaisoma kwanza Kiswahili halafu Kiingereza.

Na kitu kingine, nakiuliza kwa heshima: maji anachota saa ngapi? Naona wasichana wengi wa kambi wanafika foleni ya bomba saa kumi na moja alfajiri, shule wanafika wamechelewa na wamechoka, homuweki wanafanya gizani. Kama kaka zake wapo, wapokezane.

Walimu nanyi nisiwasahau. Najua 118 ni wengi na hakuna anayekusaidia. Lakini kumkalisha mtoto mgeni karibu na mwenzake anayejua Kiswahili aliyetangulia haikugharimu kitu. Kuandika maneno matano ya somo ubaoni kabla hujaanza, na mchoro wa haraka, ni dakika tatu. Ukiuliza swali hesabu mpaka tano moyoni kabla ya kumchagua wa kujibu, maana huyu anatafsiri kwenda na kurudi, wale wenye mikono juu kwa haraka ni wale wale kila siku. Waache wajadili kwa lugha yao dakika mbili kisha wajibu kwa Kiingereza. Kwenye Science sahihisha sayansi, kama ameandika "evapolation" amejua ni nini, mpe maksi yake umrekebishe herufi pembeni. Na kama hedimasta anakubali, lile wazo la Pratham, shirika la elimu la India, ni zuri kwa shule zetu: saa moja kwa siku watoto wa P3 mpaka P5 wanapangwa kwa kiwango chao cha kusoma na kuhesabu, siyo kwa darasa, halafu wanarudi madarasani kwao. Hakuna anayeitwa amerudishwa nyuma.

Ila nisieleweke kwamba kila pengo ni lugha. Nimekutana na wazazi Wabatwa kule Kisoro, watoto wao wanaongea Rufumbira kama jirani zao wote, lugha si tatizo, na bado wanaacha shule mapema. Pale ni njaa, ni kukosa ardhi tangu walipotolewa msituni 1991 zilipotangazwa hifadhi za Bwindi na Mgahinga, na ni matusi, mtoto anaitwa jina baya darasani na mwalimu anacheka. Ukimpa huyo daftari la maneno hujamsaidia. Kwa hiyo mama na wewe muulize binti yako pembeni, si mbele ya ndugu zake, shuleni wanakuitaje? Kuna mtu anakusumbua njiani?

Mwisho, kuna mambo ambayo siwezi kuyaona kutoka hapa na lazima mtu amwone kwa macho. Kama hata Congo angekuwa hasomi vizuri ningesema shida ni ya zamani, ila wako alikuwa anasoma, kwa hiyo mimi ningeangalia zaidi kilichobadilika tangu mje. Sikio linatoa usaha mara kwa mara? Anainamia daftari sana au anakunja macho akiangalia ubao? Aliugua malaria ile kali ya kupoteza fahamu? Hiyo huweza kuacha shida ya kusikia au ya kushika mambo. Mpeleke kituo cha afya cha kambi wampime masikio na macho, wakiona inahitajika watawaandikia kwenda Hoima. Na kama tangu mvuke ziwa anashtuka usiku, anakojoa kitandani katika umri huu, amekuwa kimya kuliko alivyokuwa, au anakaa tu anaangalia mbali, hapo masomo yasubiri kwanza. Omba kuonana na mshauri wa mambo ya akili na moyo, kituo cha afya kinajua wapo wapi, na uende naye wewe, asiende peke yake. Usimtumie yeye kutafsiri siku hiyo, omba mtafsiri mwingine, kuna mambo mtoto hawezi kuyasema kwa mdomo wake huku anamtafsiria mama yake.

Shuleni nenda wiki ya pili ya temu, siyo siku ya kufungua, siku hiyo tisha hana hata pa kukaa. Beba ripoti hii na buletini, yaani ripoti ya shule, ya Congo kama iliokoka. Usianze na kulalamika. Mwambie tisha umekuja kuona pepa ya Maths, muiangalie pamoja, mhesabu peupe ziko ngapi.